Tepu Zilizokwenda Embu Kukaguliwa

Nimestaafu, kwa hiyo sasa naweza kusema. Miaka yote niliyokuwa kazini nilifundisha watu namna ya kutunza nakala za akiba za barua pepe. Nilipigiwa makofi, nikaandaliwa chai na mandazi, na hata siku moja sikuwaeleza jinsi Mama Ireri alivyofukuzwa kazi kwa kosa langu. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii huniuliza zamani tulikuwa tunafanyaje, kabla ya kila kitu kuwekwa kwenye mitambo ya watu msiowajua huko ng'ambo. Nitawaambia, na mtacheka kidogo. Ila mjue mapema kwamba nimeketi kuandika kwa ajili ya mama huyo.

Mimi ni mtu wa Githongo. Kompyuta nilijifunzia Nairobi, kozi ya miezi tisa, nikarudi Meru na cheti kimoja na majivuno ya vyeti kumi. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Shirika moja la maji na kilimo lenye makao yake Meru mjini na tawi dogo Embu likaniajiri nitunze seva yake ya barua pepe. Msifikirie mambo makubwa. Seva yenyewe ilikuwa sanduku la kijivu chini ya meza yangu, limeunganishwa na modemu, na modemu imeunganishwa na waya wa simu. Mara nne kwa siku ilipiga simu Nairobi, ikapiga mayowe yake, ikapeleka barua zetu na kuchukua zilizoletwa. Mvua ikinyesha Nkubu, simu inakufa, na barua zinangoja.

Tulikuwa wafanyakazi thelathini, na kila mmoja alikuwa na boksi lake. Boksi la mtu lilikuwa faili moja tu ndani ya seva. Barua mpya ikiingia, inaongezwa chini ya ile ya jana, faili linazidi kuwa kubwa. Hakuna aliyekuwa anafuta barua siku hizo. Kupata imeili ilikuwa heshima, na mtu hafuti heshima yake.

Aliyenilea katika kazi alikuwa Mzee Mbaabu, fundi wa simu wa zamani ambaye shirika lilimwita kila waya zilipotushinda. Alikuwa na mkono wa kushoto ulioungua kwa risasi ya kulehemu, na hakuamini kitu chochote ambacho hakijajaribiwa. Siku ya kwanza nilimwonyesha kwa fahari tepu zangu tatu za nakala, ndogo kama kibiriti, nikamwambia barua zote za shirika zimo humo. Akaigeuza moja mkononi.

"Ulishawahi kuzirudisha?" akaniuliza.

"Kuzirudisha wapi, mzee? Barua bado ziko."

"Basi hujui kama ni mbegu ama ni changarawe umeweka kwa gunia. Otesha kidogo uone."

Nikaotesha. Kwa ujinga wangu niliirudisha tepu ya Ijumaa iliyopita juu ya seva ileile tuliyokuwa tukiitumia, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Kweli ilirudi vizuri sana. Ilirudi ikafunika barua zote za Jumatatu, Jumanne, Jumatano na asubuhi hiyo. Ofisi nzima ilirudishwa Ijumaa. Katibu wa mkurugenzi alikuja mezani kwangu amefunga kilemba kama mtu anayekwenda kupigana. Mhandisi mmoja peke yake ndiye aliyenishukuru, kwa sababu barua ya kumkaripia ilikuwa imepotea pamoja na nyingine.

Mzee Mbaabu alicheka hadi akaketi. Kisha akaniambia jambo la maana: nakala isijaribiwe kwenye seva inayofanya kazi. Itafutwe mashine nyingine, mbali na hapo, isiyo na shughuli nyingine yoyote ila kurudishiwa tepu na kuulizwa kama zimekamilika. Nilitaka kuiweka chumba cha pili pale Meru. Akakataa. Alisema moto ukiunguza nyumba hauchagui chumba. Tena mashine yoyote isiyo na mtu pale makao makuu ingeporwa ndani ya wiki, iandike barua za mazishi na kadi za harambee. Hapo alisema kweli tupu.

Embu kulikuwa na kompyuta moja kuukuu ambayo watu waliikimbia kwa uzito wake. Tukaiongezea diski na kisoma tepu, tukabandika karatasi juu yake: USITUMIE. INAKAGUA. Mpango ulikuwa huu. Kila Ijumaa saa ya chakula cha mchana ningeweka tepu Meru na kunakili maboksi yote. Saa tisa gari la ofisi linaondoka kwenda Embu, na tepu imo. Jumatatu mtu wa Embu anairudisha kwenye ile mashine, kisha ananitumia kwa modemu orodha fupi ya mafaili na ukubwa wake. Kutuma nakala yenyewe kwa waya kungechukua siku nne na simu zote za ofisi. Kwa hiyo mzigo ulipita barabarani na jibu likapita kwenye waya, nami nilijiona mtu mwenye akili sana.

Mtu wa Embu ndiye Mama Ireri.

Alikuwa wa Gachoka, Mbeere, amenizidi miaka kama kumi. Alikuwa amefanya kazi posta miaka kumi na minne akichambua barua, hadi wafanyakazi wakapunguzwa naye akapunguzwa. Shirika lilimchukua awe karani. Kitu kimoja alichopenda kusema, na alikisema bila kujigamba, ni kwamba katika miaka ile yote hakuna barua hata moja iliyopotea mkononi mwake. Watu wa Gachoka na Kiritiri walimjua kwa hilo. Mtu akiuliza Mama Ireri yupi, anajibiwa: yule wa barua. Hakuwa na cheti cha kompyuta. Nilimfundisha kwa siku mbili, akaandika kila neno langu kwenye daftari kwa mwandiko wa posta, herufi zimesimama wima, na tangu hapo hakuniuliza jambo lilelile mara mbili.

Tulielewana mapema. Kimeru changu cha Imenti na Kimbeere chake ni ndugu, lakini kwenye simu mbovu ndugu hawa walikuwa hawasikilizani, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Nakumbuka wiki ya tano au ya sita. Kulikuwa na jua kali, na dereva alikuwa amesikia kwamba joto huharibu tepu. Bila kuniuliza aliifunga kwa majani ya ndizi, jinsi miraa inavyofungwa ili isikauke njiani, akaifunga na kamba ya mgomba juu. Jumatatu simu ikalia.

"Kirimi, umenitumia tepu ama umenitumia miraa?"

"Kwani umepata nini?"

"Nimefungua, nikaona ni majani tu. Nikasema huyu mtu wa Meru ananijaribu. Na huku sisi tuko na muguka yetu ya kutafuna, hatutaki hiyo yenu."

"Tepu iko?"

"Iko, lakini imelowa jasho. Nimeipanguza na leso, nikaiweka kwa kabati ikauke. Nitaisoma kesho. Na umwambie huyo dereva tepu haitafunwi."

Ilisoma bila shida. Kuanzia hapo tepu ilisafiri ndani ya mkebe wa majani ya chai, umekauka na kufungwa kwa mpira, na huo nawapendekezea hata leo kwa kitu chochote kidogo chenye thamani.

Sasa nifike penye uchungu. Tangu mwanzo Mzee Mbaabu alikuwa ameniambia kwamba orodha ya mafaili haitoshi. Mkaguzi afungue maboksi mawili matatu kila wiki, tofauti na ya wiki iliyopita, asome barua ya mwisho ni ya tarehe gani. Nikamweleza Mama Ireri kwa simu.

"Hapana, Kirimi. Hiyo siwezi."

"Ni rahisi. Nitakuelekeza."

"Si ugumu. Ni barua ya mtu. Mimi nilikula kiapo."

"Kiapo kilikuwa cha posta. Hauko posta tena."

"Kiapo hakikupunguzwa," akasema. "Barua ya mtu ni kama chumba chake cha kulala. Mimi nitakuambia nyumba iko, mlango uko. Kuingia, siingii."

Nilijaribu kumbembeleza. Nikamwambia asisome maneno, atazame tarehe tu. Akasema macho hayana kifuniko, yakishafunguliwa yanaona. Leo namwelewa. Siku hizo niliona ni ukaidi wa watu wa zamani. Badala ya kutafuta njia nyingine ya kuona tarehe bila kuona barua, na njia zilikuwapo, nilitafuta njia ya kumaliza mazungumzo. Nikaunda boksi jipya pale Meru, nikaliita Jaribio. Kila Ijumaa asubuhi ningejiandikia barua humo, na Jumatatu Mama Ireri angelifungua hilo tu, anisomee. Hilo alilikubali, kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimempa ruhusa.

Basi nikawa naandika upuuzi. Niliandika habari za ng'ombe wa jirani aliyekula mahindi yangu, habari za mwanangu kuota meno, mafumbo ya kumtegea. Yeye husoma kwa simu na kucheka, kisha anasema, "Imefika yote. Jaribio ni sawa." Nami naandika kwenye ukuta: SAWA. Wiki baada ya wiki ukuta wangu ulijaa SAWA.

Kile nisichokijua ni hiki. Programu yetu ya kunakili ilikuwa na tabia moja. Ikikuta faili limefunguliwa na mtu, hailigusi. Inalipita, inaandika neno moja kwenye ripoti yake ndefu, inaendelea na linalofuata. Na mimi nilikuwa nanakili saa ya chakula. Wafanyakazi wetu walikuwa wakisikia harufu ya githeri wanainuka na kuondoka, na kompyuta zao zinabaki zimefungua barua. Maboksi karibu yote yalikuwa wazi saa ile. Boksi la Jaribio peke yake ndilo lililokuwa limefungwa kila Ijumaa, kwa kuwa halikuwa na mtu. Ripoti? Ripoti niliizima mwezi wa kwanza, kwa sababu printa ilikuwa na kelele na karatasi zilikuwa nyingi.

Mtaniuliza, mbona Embu mafaili yote thelathini yalionekana? Nakala ya kwanza kabisa ya kwenda Embu niliifanya Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, maboksi yote yamefungwa. Ile ilikwenda Embu ikiwa kamili, ikarudishwa kwenye ile mashine. Wiki zilizofuata tepu zilikuja karibu tupu, zikarudishwa juu ya ile ya kwanza. Faili lisilokuwemo kwenye tepu haliwezi kufunika kitu, kwa hiyo lile la zamani lilibaki palepale, linatazamwa, linahesabiwa, linaitwa sawa. Sikumwambia Mama Ireri afute diski kabla ya kurudisha tepu. Sikumwambia kwa sababu sikuwaza. Nyinyi mkiwa na mashine ya kukagulia, ifuteni iwe tupu kabisa kila mara kabla hamjaipa kazi. Mashine yenye vitu vya jana itawaonyesha vya jana.

Mama Ireri aliona.

Hakujua sababu, lakini aliona. Ilikuwa baada ya miezi kama mitatu. Alimaliza kunisomea habari za ng'ombe wangu, kisha akasema, "Kirimi, kuna kitu kimoja. Hizi maboksi hazikui."

"Hazikui vipi?"

"Nimeandika kwa daftari kila wiki. Ya mkurugenzi, ukubwa ni uleule. Ya mhandisi, uleule. Zote. Ni hii Jaribio yako tu inakua. Posta, sanduku ya mtu ikikaa hivyo, ni kwamba amekufa ama amehama. Hawa watu wako wamekufa?"

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mimi nilikuwa nimeketi pale Meru na cheti changu ukutani. Nikamuuliza, "Mashine imesema kuna kosa lolote?"

"Haijasema."

"Basi ni sawa. Ama wewe ulitaka zinenepe kama mbuzi za Gachoka?"

Akacheka. Nimekisikia kicheko hicho mara nyingi sana tangu siku hiyo. Kilikuwa kicheko kifupi cha heshima, cha mtu aliyeambiwa anyamaze na asiyetaka kumwaibisha aliyemwambia.

Alirudia tena. Alilitia mwishoni mwa orodha yake ya Jumatatu, mstari mmoja chini ya majina thelathini, na mimi sikuwa nasoma orodha hadi mwisho. Mara ya tatu alimtuma dereva. "Mama Ireri amesema ukuje uone mwenyewe," dereva akanieleza. Nilisema nitakwenda mvua zikiisha. Mvua zikaisha, zikaja nyingine. Kutoka Meru hadi Embu ni safari ya asubuhi moja tu, na gari lilikuwa likienda kila wiki na kiti kikiwa wazi.

Diski ya seva ilikufa Jumanne moja, baada ya umeme kukatika na kurudi mara tatu mfululizo. Ilikuwa inakwaruza, na ukishasikia sauti hiyo huhitaji kuelezwa. Mtashangaa: sikuogopa. Nilimwendea mkurugenzi na tabasamu. Nilimwambia tuna mfumo, tuna tepu, tuna mashine ya mbali inayokagua, Alhamisi kila mtu atapata barua zake. Diski mpya ikaja kutoka Nairobi. Nikaingiza tepu ya karibuni. Likarudi boksi la Jaribio na mengine matatu ya watu waliokuwa likizo. Nikaingiza tepu ya pili. Yaleyale. Ya tatu niliiingiza mara mbili, nayo ikarudisha yaleyale.

Nilikwenda Embu siku hiyohiyo. Mama Ireri aliniwashia ile mashine akasimama nyuma ya kiti. Maboksi thelathini yalikuwepo, yamepangwa vizuri, na barua ya mwisho katika kila moja, isipokuwa yale matatu ya waliokuwa likizo, ilikuwa ya ile Jumamosi ya kwanza, miezi kumi na minne nyuma. Vipimo vya visima vya Mbeere nzima, matokeo ya mbegu kutoka Kibugu, makubaliano na wafadhili, yote ya miezi hiyo yalikuwa yamekwenda. Nililaza kichwa juu ya meza.

"Ndiyo hizi nilikuwa nakuambia," akasema. Aliniletea chai.

Mkutano ulifanyika Meru wiki iliyofuata. Tuliketi watu tisa. Mama Ireri alikuwa amevaa suti yake ya kanisani na alikuwa na daftari kwenye mkoba. Mkurugenzi hakupoteza wakati. Aliuliza nani alikuwa na jukumu la kuhakiki nakala.

Nilisema, "Kazi ya kuhakiki ilikuwa Embu."

Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli. Nimeigeuza miaka yote hii na haina neno hata moja la uongo. Mkurugenzi akamgeukia.

"Mama, ulikuwa unahakiki?"

"Nilikuwa nahakiki, bwana mkurugenzi. Nilifanya vile nilifundishwa. Na kile niliona, Bwana Kirimi anajua."

Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekupisha mlangoni, anangoja upite.

"Kirimi, unajua nini?" mkurugenzi akauliza.

Nilikuwa na mke, na mtoto, na nilikuwa nimewaona watu wa rika langu wakirudi nyumbani na barua za kupunguzwa. Nilipanga karatasi zangu. Nikasema, "Kila Jumatatu aliniambia ni sawa."

Hiyo nayo ilikuwa kweli. Mama Ireri alifunga mkoba wake. Hakulitoa daftari. Mtu mmoja upande wa dirisha alisema kwa sauti ya chini kwamba mama wa posta hangeweza mambo ya kompyuta, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Kabla ya mwezi kuisha alipewa barua ya kuachishwa kazi. Habari ilifika Gachoka kabla yake: yule wa barua amepoteza barua za ofisi nzima.

Mimi nilibaki. Nikawa makini kupita kiasi. Nilisoma kila ripoti hadi nukta ya mwisho, nilifuta mashine kila mara, nilinakili baada ya watu kufunga kazi. Nikaanza kuitwa kufundisha, Meru, Embu, hata Nyeri. Na katika kila somo nilisema, "Msitazame tu kama faili lipo. Tazameni kama linakua." Wanafunzi walilipenda sana hilo. Wakaliita kanuni ya Kirimi. Vijana, neno hilo lilikuwa la Mama Ireri, alilisema kwa simu yenye kelele akiwa na kalamu mkononi, nami nililivaa kama koti langu kwa zaidi ya miaka ishirini bila kumsahihisha mtu yeyote.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Gachoka. Sikumpigia simu kwanza, niliogopa angenikataza. Nilimkuta nyumbani kwake ameketi kwenye kigoda, anapepeta ndengu kwa uteo. Alikuwa amezeeka, lakini alinitambua kabla sijafika langoni.

"Kirimi wa tepu," akasema. "Karibu. Leo umeona mvua imeisha?"

Nilicheka, halafu sikuweza kuendelea kucheka. Alinipa kiti, akanipa uji, akaniuliza habari za watoto. Nikaeleza yote niliyokuwa nimepanga kueleza. Nilisema nilikosa, nilisema nilijua, nilisema alikuwa ameniambia mara tatu. Alinisikiliza huku akiokota mawe kwenye ndengu.

"Nilikungoja siku ile," akasema. "Daftari lilikuwa hapa kwa mkoba. Nikajiuliza, nikilitoa, itakuwa ni mwanamke anajitetea. Lakini wewe ukisema, itakuwa ni ushahidi. Kwa hiyo nikangoja useme."

"Nisamehe, Mama Ireri."

"Nilikusamehe kitambo. Kanisani tunafundishwa hivyo, na hasira pia inachosha, na mimi niko na shamba." Akapepeta kidogo. "Lakini nikuulize. Umetoka Meru mpaka hapa kuniambia mimi. Mimi si nilikuwa najua? Ni wale wengine hawakujua. Hao umewaambia?"

Tulimaliza uji, akanifungia ndengu nipelekee mke wangu, akanisindikiza hadi njia panda kama mgeni mwingine yeyote.

Niliporudi nyumbani nilichukua karatasi nikaandika majina. Ukituondoa sisi wawili, mezani pale kulikuwa na watu saba. Mkurugenzi tulimzika, na watatu wengine wameshazikwa. Wawili walihama na hakuna anayejua walipo. Mmoja nilimpata, yule aliyekuwa ameketi upande wa dirisha, anaishi na binti yake. Nilimpigia simu asubuhi moja nikamweleza kila kitu bila kuficha: boksi la Jaribio, yale maonyo matatu, sentensi zangu mbili za kweli. Nilimwambia kosa lilikuwa langu na kwamba Mama Ireri aliona kabla ya sisi wote. Alinisikiliza kwa subira hadi mwisho, kwa maana ni mtu mwenye adabu. Kisha akaniuliza, "Mama Ireri ni nani?"